Dirisha la Kidole Kimoja

Wewe ukiuziwa moto, halafu yule yule aliyekuuzia akakwambia uache dirisha wazi, utamwamini?

Estill Sizemore hakuamini. Alisimama katikati ya sebule yake, mikono ameikunja kifuani, akimtazama fundi gesi akiingiza kidole chini ya fremu ya dirisha ili kuonyesha nafasi inayotakiwa.

"Kidole kimoja tu, mzee," alisema fundi. "Changu, si chako. Chako kinapitisha paka."

Ivalene, mkewe Estill, alicheka kutoka jikoni. Estill hakucheka. Alikuwa akimchunguza binti huyu tangu alipoegesha gari lake uani asubuhi. Jina lake Darla Noble, hajafika miaka thelathini, amevaa buti za kiume na penseli ameichomeka kwenye nywele. Alikuwa ametoa hati yake ya ufundi kabla hata hajaombwa, na hilo lenyewe Estill hakulipenda. Kwa maoni yake, mtu mkweli haanzi kwa kutoa karatasi.

Meko ya gesi aliyokuja kufunga yalitoka kwa binti yao Verna, anayeishi Dayton, Ohio. Miaka yote nyumba hii ya bonde la Turkey Branch ilipashwa moto na jiko la chuma la kuni, na kuni zilikatwa na Estill. Sasa Estill ana miaka sabini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Vumbi lililobaki kifuani mwake linamruhusu kupanda ngazi sita bila kupumzika, si saba. Majira ya baridi yaliyopita Ivalene alimkuta amekaa juu ya gogo karibu na banda, theluji ikimwangukia kofiani, mzigo wa kuni miguuni, akijifanya anatazama ndege. Alimwambia Verna kwenye simu. Verna akanunua meko ya gesi ya kujengewa ndani ya ukuta, ya aina isiyo na dohani.

"Moshi unapita wapi?" Estill alimuuliza Darla siku ile.

"Gesi ikiungua vizuri haina moshi."

"Kila kinachoungua kina kitu kinachotoka."

"Kweli kabisa, mzee. Kinatoka mvuke, na hewa iliyokwisha kutumika, na vyote vinabaki humu humu mnamokaa. Moto nao unakula hewa mnayovuta. Ndiyo maana nimepima chumba, na ndiyo maana ya dirisha."

Alikuwa amepima kweli. Urefu, upana, kimo, hadi mlango wa kuingilia jikoni, ambao aliamuru uachwe wazi daima. Aliuliza kama kuna mtu analala sebuleni, akaambiwa hakuna, akauliza tena, akaambiwa tena. Rafu ya mti wa jozi, ambayo baba yake Estill aliichonga kwa mkono, aliishusha ukutani na kuirudisha juu zaidi kwa karibu futi nzima, akisema mbao iliyo karibu mno na joto hukauka kidogo kidogo miaka na miaka, halafu siku moja inashika moto wakati wenyewe mnakula. Aliweka koki ya kufungia gesi mahali ambapo Ivalene angeifikia bila kuinama. Kila kiungo cha bomba alikipulizia maji ya sabuni, akapiga magoti na kukikodolea macho kama paka mbele ya tundu la panya, akitafuta povu linalotuna. Kimoja kilitoa kapovu kama kichwa cha pini. Alikifungua chote na kuanza upya.

Estill aliyaona haya yote, na kila alivyoona kazi ni nzuri ndivyo alivyozidi kujiuliza inafichwa nini.

Jibu alilipata mwenyewe jioni ile, gari la Darla lilipokwisha kuteremka barabara ya kijito.

"Noble," alimwambia Ivalene. "Si mpwa wake Clell Noble huyo?"

"Clell gani?"

"Clell anayeendesha lori la gesi. Anayekuja kujaza tangi letu hapo nje."

"Basi?"

"Basi, mpwa anakwambia fungua dirisha. Joto linatoka nje, gesi inaungua zaidi, tangi linakwisha upesi. Mjomba anakuja na lori."

Ivalene aliendelea kumenya viazi. "Umefanya kazi kubwa kuifikiria hiyo," alisema.

Usimwite mjinga. Alipokuwa na miaka arobaini na tisa, Estill alikwenda kwa daktari wa kampuni akikohoa makohozi meusi kama wino. Daktari aliitazama picha ya mapafu yake dhidi ya mwanga wa dirisha akamwambia apunguze sigara. Estill hajawahi kuvuta sigara hata moja maishani. Kanisani kwake wanamjua, na mgodini walikuwa wakimtania kwa hilo. Alirudi kazini miaka sita zaidi akiwa na vumbi lile kifuani, kwa sababu karatasi yenye muhuri ilisema hana kitu. Wenzake kumi na mmoja wa zamu yake walipewa karatasi za namna ile ile. Wanne tu ndio wako hai. Baada ya hapo, mtu yeyote aliyesema anamjali, akiwa na karatasi mkononi, Estill alitafuta mara moja nani anafaidika. Alikuwa na haki ya kutafuta. Kosa ni kwamba alianza kuona jibu hata pale ambapo halikuwapo.

Darla aliacha kitu kingine ukutani: kifaa cheupe cha ukubwa wa sahani ndogo, chenye kitaa cha kijani na kioo cha namba. Alisema kinapima hewa yenye sumu, ile isiyo na rangi wala harufu, na kwamba namba ikipanda watoke nje kwanza, wapige simu baadaye. Kitaa kile kilimkera Estill. Kilipepesa kila baada ya dakika moja, kana kwamba kinanakili yanayosemwa. Siku ya tatu alikifungua ukutani kwa bisibisi, akakitia ndani ya mkebe wa kahawa na kukipeleka bandani, juu ya rafu ya misumari.

Kwa wiki tano moto uliwaka bila tatizo. Magogo ya bandia yalipendeza, na dirisha lilikaa wazi kidole kimoja, kwa sababu Ivalene alilifungua kila Estill alipolifunga.

Kisha, wiki moja kabla ya sikukuu ya Shukrani ya mwisho wa Novemba, Ivalene aliteleza kwenye barafu ya baraza akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na vyuma viwili, mkongojo wa miguu minne na amri ya kutopanda ngazi. Chumba chao cha kulala kiko juu. Estill na jirani yake Orbie Napier walishusha kitanda wakakiweka sebuleni, miguu kuelekea moto.

Ivalene hakuweza tena kusimama kulifungua dirisha. Na alisikia baridi, baridi ya mtu aliyelala siku nzima. Kwa hiyo Estill alifanya alichofanya mama yake kila mwaka, na bibi yake kabla ya mama yake, na kila nyumba ya bonde lile hadi leo: alifunga nyumba kwa majira ya baridi. Alishusha madirisha yote. Alibandika karatasi ya nailoni juu ya kila dirisha kwa utepe wa gundi, akaipitishia mashine ya Ivalene ya kukaushia nywele hadi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Aliweka taulo iliyokunjwa chini ya mlango wa mbele. Mlango wa jikoni aliufunga ili joto libaki kwa mgonjwa. Alipomaliza, mshumaa ungeweza kuwekwa popote ndani ya chumba kile na ulimi wake usitikisike. Aliona ni kazi ya upendo, na ilikuwa hivyo kweli.

Siku ya pili moto ulizimika wenyewe.

Aliuwasha. Baada ya saa mbili ulizimika tena. Asubuhi iliyofuata, hali kadhalika. Aligonga tangi kwa ngumi, lilikuwa limejaa. Alikaa kwenye kiti mkabala na meko, mikono magotini, akiyavizia kama mtu anayemsubiri mwizi wa kuku.

"Wameyatega," alisema. "Yamewekewa saa ndani. Ili nimwite, aje, alipwe kwa kuja."

"Juzi ulisema wanataka tuchome gesi nyingi," Ivalene alisema kutoka kitandani, amefumba macho. "Sasa wanaizima. Chagua moja, mzee wangu, nikusaidie kuliamini."

"Wanaweza kutaka yote mawili."

"Kichwa kinaniuma."

"Ni vile vidonge. Nilikwambia kile kidonge cha buluu hakijakaa vizuri."

Kichwa kilikuwa kikimuuma kila siku sasa, na kilipungua alipojikongoja jikoni kula. Estill aliliona hilo. Alihitimisha kwamba chakula kinavunja nguvu ya vidonge, akaazimia kumuuliza mfamasia, ambaye naye hakumwamini.

Jumamosi alimpigia Darla simu. Hakutoa salamu ndefu.

"Moto wako unazimika."

"Unazimika wenyewe? Baada ya muda gani?"

"Saa mbili. Mara nyingine chini ya hapo."

"Dirisha liko wazi, mzee?"

Estill alitazama nailoni iliyokaza. Alisikia katika swali lile mtu anayejitafutia pa kukimbilia.

"Liko wazi," alisema.

"Na hakuna anayelala hapo?"

"Nani alale sebuleni?"

"Haya. Jumatatu asubuhi niko kwako. Lakini usiuwashe tena mpaka nije. Naomba sana. Ukizimika, uache."

Estill alikata simu akatikisa kichwa. Siku mbili bila moto, nje kuna barafu, na mgonjwa ndani. Nani atafaidika na hilo?

Aliuwasha.

Jumapili, baada ya ibada, Orbie Napier alikuja na koleo mfukoni. Orbie anaishi ng'ambo ya kijito, mwendo wa kutupa jiwe, na baraza zao zinatazamana. Ni mtu mfupi, mwenye sauti inayotangulia mwili wake. Yeye na mkewe Oma walikuwa na meko ya namna hiyo hiyo tangu mwaka uliopita, na Orbie aliyafunga mwenyewe kwa siku moja, jambo ambalo hakuchoka kulisimulia.

"Ndugu Estill," alisema akivua kofia, "nitakwambia ugonjwa wake bila hata kuyagusa. Pale chini kuna kajimoto kadogo ka kuwashia, kanakolamba kichuma. Kichuma hicho ni cha kujidai. Kikisikia hewa haijakipendeza, kinakata gesi. Changu kilikuwa hivyo hivyo. Kila siku kinazima, kila siku kinazima. Nikakirekebisha."

"Ukakirekebishaje?"

"Nikakinyima kazi." Orbie aligonga koleo kwenye kiganja. "Tangu hapo moto unawaka kutwa kucha. Oma analala mbele yake kila alasiri kama paka."

"Na fundi hakukwambia kitu?"

"Fundi gani? Mimi ndiye fundi. Hivi vidude vinawekwa na serikali na kampuni wakikubaliana, ili mtu asiwe na amani nyumbani kwake. Wewe si mgeni wa mambo ya kampuni."

Hakuna maneno ambayo yangemwingia Estill kirahisi zaidi. Alivuta kiti pembeni, akafunua kifuniko cha mbele.

"Uwashe kwanza," Orbie alisema, "nikuonyeshe kinavyofanya. Halafu tunamaliza kazi."

Estill aliuwasha. Walikaa wakanywa kahawa. Ivalene alikuwa amelala ubavu, blanketi la viraka hadi kidevuni, mashavu yana wekundu ambao Estill aliuita afya. Orbie alisimulia kuhusu mahubiri, kisha kuhusu mbwa wake, kisha kuhusu shemeji yake wa mji wa Hazard. Saa nzima ikapita. Orbie akapiga miayo, akalalamika kwamba kahawa ya Estill inalaza badala ya kuamsha.

Estill alishuka akalala kifudifudi sakafuni, shavu juu ya zulia, ili amtazame adui yake usoni.

Nyuma ya magogo ya bandia, ulimi mdogo wa moto ulisimama. Alitarajia kuuona wa buluu, mkali, umeelekea kwenye kichuma kama alivyouona siku ambayo Darla aliuwasha. Haukuwa hivyo. Ulikuwa umerefuka na kupauka. Ulijiinua kutoka kwenye kitako chake, ukaelea, ukarudi, ukajiinua tena, kama kitu kinachonyoosha shingo kutafuta pumzi.

Estill alikuwa ameuona moto huo kabla.

Aliuona mwaka 1976, akiwa amelala kifudifudi vivyo hivyo, kwenye njia ya zamani ya mgodi yenye kimo cha goti. Kwa miaka kumi na mmoja kati ya ile thelathini na mmoja, Estill ndiye aliyekuwa mpima hewa wa zamu. Aliingia kabla ya wengine wote, muda wa saa tatu mbele yao, peke yake, na taa ya shaba yenye kioo na moto mdogo ndani. Taa ile haikuwa ya kumulika. Ilikuwa ya kusomwa. Mahali penye gesi, moto ulivaa kofia ya buluu. Mahali ambapo hewa imekufa, moto ulirefuka, ukapauka, ukajiinua kutoka kwenye utambi wake, ukaondoka. Aliandika kwa chaki ukutani tarehe na herufi za jina lake, na pale alipoandika, watu walipita na kurudi kwao jioni. Katika miaka kumi na mmoja hakupoteza hata mmoja.

Na kila kijana mpya alimfundisha maneno yale yale, akimshika bega: taa ikizimika haiwashwi, watu wanatoka.

Taa ilikuwa imezimika sebuleni kwake tangu katikati ya juma. Na yeye, Estill Sizemore, mpima hewa, alikuwa ameiwasha. Alijaribu kuhesabu mara ngapi, akafika tisa. Mbele ya taa ile alikuwa amemlaza mkewe.

Ulimi wa moto ukajiinua mara ya mwisho. Kitu kikagonga ndani ya koki, na moto wote ukafa.

"Umeona?" alisema Orbie. "Mjeuri. Nipishe."

Estill aliinuka kwa magoti na mikono. Alifunga koki hadi mwisho.

"Weka hilo koleo. Shika upande ule wa blanketi."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Shika, Orbie."

Walimbeba Ivalene ndani ya blanketi lake kama gunia la thamani, wakapita jikoni, wakatoka baraza ya nyuma. Alizinduka njiani akauliza kama nyumba inaungua. Kifua cha Estill kilikuwa kikilia kama mlango wenye kutu. Walimweka kwenye kiti cha baraza, jua la baridi usoni. Alivuta hewa mara kadhaa. Akatapika kidogo pembeni, akajifuta, akasema, "Afadhali."

"Bandani," Estill alimwambia Orbie, akishikilia nguzo. "Rafu ya misumari. Mkebe wa kahawa."

Orbie alirudi na mkebe. Estill akatoa kifaa cheupe. Kitaa chake cha kijani bado kilipepesa, na kioo kilisema sifuri. Alivuta pumzi ya barazani akaingia sebuleni, akakiweka juu ya mto wa Ivalene, akatoka na kufunga mlango. Walisubiri dakika tano wakitazama kijito. Aliporudi nacho, namba ilikuwa hamsini na nane, nayo ilikuwa bado inapanda.

Orbie aliitazama namba ile, kofia mkononi.

"Kifaa cha kampuni," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imebaki nyuma. "Kinasema wanachotaka kiseme."

"Oma yuko wapi saa hizi?"

Orbie aligeuka kutazama ng'ambo ya kijito. "Alasiri hulala."

"Mbele ya moto?"

"Kwangu moto haujazimika tena hata siku moja, Estill."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Orbie alivaa kofia, akaiweka sawa, akasema ana mbwa wa kulisha. Alivuka daraja la mbao kwa mwendo wa mtu asiye na haraka hadi katikati, halafu akaongeza mwendo.

Estill alitoa kisu cha mfukoni akaingia ndani akiwa ameziba pumzi. Nailoni ya dirisha la kwanza ilipasuka kwa mlio kama wa kitambaa kikuukuu. Akafungua dirisha, akatoa kichwa nje, akapumua, akaenda la pili. Taulo aliitupa uani. Upepo wa bonde uliingia sebuleni na kupeperusha kalenda.

Ivalene aliomba simu. Hakumpigia Orbie. Alimpigia mkewe.

"Oma, mpenzi, umelala? Amka ukae. Kichwa kinakuuma?" Alisikiliza. "Tangu lini? … Tangu Shukrani. Na changu. Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukimsikiliza mama yako. Zima moto, toka nje, halafu ndipo umuulize mumeo alifanya nini na koleo lake. … Hapana, usimuulize ukiwa ndani. Barazani. … Ndiyo, na blanketi."

Estill alisimama mlangoni, kisu bado mkononi.

"Darla aliniuliza kama dirisha liko wazi," alisema.

"Nilikusikia."

"Nilimwambia liko wazi."

"Nilikusikia pia." Ivalene alijifunika vizuri. "Nilidhani unajua unachofanya. Wewe ndiye mpima hewa."

Estill alikaa kwenye ngazi chini ya miguu yake hadi jua lilipogusa mlima.

Usiku ule walilala jikoni, yeye sakafuni, Ivalene kwenye kitanda kilichokokotwa hadi pale, na hita ndogo ya umeme ya Verna kati yao.

Asubuhi, Ivalene aliamka akaomba mikate na mchuzi wa soseji. Kichwa hakikumuuma. Estill alimuuliza mara tatu, kwa namna tatu tofauti, kama mtu anayemhoji shahidi.

Darla alifika saa mbili, penseli kwenye nywele. Alisimama sebuleni akatazama vipande vya nailoni kwenye fremu, halafu alama nne za miguu ya kitanda kwenye zulia. Hakuwa na haja ya kuuliza, lakini aliuliza.

"Mzee, uliniambia liko wazi."

"Nilikudanganya."

"Na hakuna anayelala."

"Na hilo nilikudanganya."

Aliinamisha kichwa akatazama buti zake kwa muda. "Ningekuja Jumamosi ile ile," alisema. "Ningeendesha usiku."

Estill alikwenda jikoni. Alimletea kahawa, kitu ambacho hakufanya mara ya kwanza.

Darla alisafisha kimdomo cha moto mdogo, akapima shinikizo la gesi, akapulizia viungo maji ya sabuni. Alirudisha kifaa cheupe ukutani. Alisema hatawasha mpaka aone kitanda kiko nje ya chumba hiki kwa msimu mzima, kwamba moto huzimwa watu wakienda kulala, na kwamba Verna atapigiwa simu ili ajue. Ivalene alipaza sauti kutoka jikoni kwamba yeye ndiye atakayepiga. Kisha Darla akaingiza kidole chini ya dirisha, akalishusha hadi likakigusa.

"Changu," alisema.

"Chako," alisema Estill.

Darla alipogeuka kukusanya vifaa, Estill alichukua chupa yake mwenyewe ya maji ya sabuni, iliyokuwa imefichwa nyuma ya kiti. Alipiga magoti, akapulizia kiungo cha kwanza, akakikodolea macho. Cha pili. Cha tatu. Darla alimwona, akaendelea kukunja waya wake. Hapakuwa na povu popote.

Alipoinuka, akishika rafu ya baba yake ili apate pumzi, alitazama nje kupitia kioo cha dirisha.

Ng'ambo ya kijito, mlango wa mbele wa Orbie ulikuwa wazi kabisa kwenye baridi ile, umezuiwa kwa tofali. Oma alikaa barazani amejifunga mablanketi mawili, kikombe mkononi, akitoa maelekezo kwa kidole. Orbie alitoka ndani amekumbatia furushi la nailoni lililomzidi kimo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akalitazama dirisha la Estill. Estill alirudi hatua moja nyuma ya pazia. Orbie akalisukumiza furushi kwenye pipa la kuchomea taka, akalikanyaga kwa mguu, akafunika.

Kisha akavuka daraja, mikono mifukoni, akipiga mluzi kama mtu anayepita tu. Alilizunguka gari la Darla mara mbili akisoma maandishi ya mlangoni. Mwishowe akaegemea boneti, akavua kofia, akaanza kusubiri.